Mhunzi Naye Ni Mwalimu

Wako wenzetu ambao wakisikia neno ufundi hudhani ni kazi ya aliyeshindwa mtihani. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu naitoa Mamba, karibu na Marangu, miteremkoni mwa mlima wetu.

Wahunzi wa Mamba wana sifa tangu zamani. Wazee wao walipata chuma kutoka Ugweno, katika milima ya Upare, wakafua mikuki, mapanga na majembe. Siku hizi hufuliwa chuma chakavu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mhunzi naye hukunja chuma kingali moto. Kikipoa, hukirudisha motoni. Kwa nini?

Twaa kipande cha waya wa shaba, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja. Kwanza ni laini, kisha hukaza, mwisho hukatika. Ndani ya metali chembe zimepangwa safu safu, lakini safu hizo zina kasoro. Kasoro zikisogea, metali hugeuka umbo bila kuvunjika. Tukizidi kuikunja au kuigonga, kasoro huongezeka na kuzibiana njia, kama watu wanaosongamana mlangoni. Hapo metali huwa ngumu, na ikilazimishwa zaidi hupasuka. Moto huzipanga chembe upya, na ulaini hurudi.

Jambo la kasoro hizo lilielezwa mwaka 1934 na wataalamu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake. Wahunzi walikuwa wakilitumia kabla hao hawajazaliwa.

Wengine watasema mhunzi hajui kanuni za vitabuni. Ni kweli huenda hazijui. Lakini sisi tunaozikariri, ni wangapi tuwezao kutengeneza jembe moja? Yeye ana mkono, sisi tuna kipimo; kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, walimu wetu wa fizikia watupeleke Mamba na madaftari yetu. Pili, mhunzi aalikwe darasani, akae mbele kama mwalimu, na alipwe ujira wake. Nanyi wazazi, msimcheke mtoto atakaye kushika nyundo. Vijana wote wakikimbilia ofisini, moto wa wahunzi utazimika, na hakuna kitabu kitakachouwasha tena.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kupinga na aandike.