Hawakimbii Jembe, Wanakimbia Mizani

Wiki iliyopita nilikaa chini ya turubai kwenye mahafali ya kidato cha nne, nikamsikiliza mgeni rasmi akiwafokea watoto wa watu. Alikuwa amechelewa, kama ilivyo desturi ya wageni rasmi, akashuka kwenye shangingi jeusi ambalo dereva hakulizima hata kidogo, ili mheshimiwa akirudi akute ubaridi wake umemsubiri. Risala ikasomwa, itifaki ikazingatiwa, keki ikakatwa, mwalimu mkuu akalishwa kipande, mke wa mheshimiwa naye akalishwa. Ndipo akashika kipaza sauti. "Vijana wa siku hizi ni wavivu," akasema. "Mnakimbilia mjini kuendesha bodaboda na kuuza maji ya chupa, mashamba mnawaachia wazee. Rudini shambani. Ardhi haimtupi mtu."

Makofi yakapigwa. Alipiga hata jirani yangu, mzee ambaye dakika chache kabla alikuwa ananisimulia jinsi alivyouza nusu ya shamba lake ili mwanawe asome, asije akalima kama yeye.

Nimechoka na hotuba hii. Nimeisikia kanisani siku ya mavuno, nimeisikia msikitini, nimeisikia redioni asubuhi kati ya tangazo moja la kubeti na jingine. Huisema watu wa kila chama na kila dini, na wote wana jambo moja linalowaunganisha: hawalimi. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Hawa wanaisifu wakiwa wamepandisha vioo.

Haya, tuutazame huo uvivu. Kijana anaamka saa kumi alfajiri awahi abiria wa Mbagala, anashinda juani, anarudi usiku na vumbi hadi kwenye kope, na kabla hajala anampelekea mwenye pikipiki hesabu yake. Mwenzake anapandisha zege kwenye karai ghorofa baada ya ghorofa, kwa ngazi za miti. Mwingine yuko chini ya ardhi kule Mererani, na nyundo na tindo, anaufuata mwamba ambao pengine hautampa kitu. Hao ndio wavivu wetu. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36, ya 2022 ikaikuta na milioni 5.38. Wapo waliozaliwa humo, lakini wengi wamekuja. Ukiiamini hotuba ya mahafali, itabidi uamini kwamba watu hawa walishikwa na uvivu, wakatafakari, kisha wakachagua kwenda kuuishi uvivu wao kwenye mji ambao asiyehangaika analala njaa.

Kijana wa Kitanzania hajawahi kulikimbia jembe. Anachokikimbia ni mizani.

Nina mpwa wangu mkoani Njombe aliyeamini hotuba kama hizi. Alikodi shamba, akanunua mbegu ya viazi, akanunua mbolea, akanunua dawa za ukungu, na kule Njombe mvua ikikolea dawa ya ukungu haipuliziwi mara moja ukaenda kulala. Viazi vikakubali. Nilikuwepo wakati wa kuuza, kwa hiyo hili sisimuliwi na mtu.

Fuso ilikuja na magunia yake, maana mnunuzi ndiye mwenye magunia. Vijana wake wakajaza gunia hadi mdomoni. Kwa sheria ya vipimo hapo ndipo mwisho, kwa kuwa gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kwa mnunuzi hapo ndipo mwanzo. Mmoja akachukua kipande cha gunia jingine, akakishona kuzunguka ule mdomo kwa sindano ndefu na kamba ya plastiki. Mwenzake akaanza kupanga viazi upya, kimoja kimoja, vikubwa pembeni, vidogo katikati, huku akishindilia kwa goti. Gunia likaota shingo, likaota kilemba, likafungwa juu kwa kamba zilizopishana. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia, na kilemba hakilipwi. Mpwa wangu akauliza kwa upole kama wanaweza kuuziana kwa kilo. Mnunuzi akacheka hadi akapaliwa. "Dogo," akamwambia, "ukitaka habari za kilo, kavipeleke mwenyewe Dar."

Tupige hesabu ya darasa la nne. Tuseme gunia lile lilibeba kilo 130. Katika kila magunia kumi, kijana ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu aliyoyalima, akayapalilia, akayapulizia dawa na kuyavuna kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina. Viazi hivyo hivyo vikifika sokoni Dar es Salaam vinapimwa kwa sado, na sijawahi kuona muuza viazi akishona kilemba juu ya sado ya mteja. Mkulima peke yake ndiye anayetakiwa kuwa mkarimu.

Msimu ule mpwa wangu alilipa madeni, akauza bomba la kupulizia dawa, akapanda basi. Sasa ana pikipiki ya mkataba. Mgeni rasmi anamwita mvivu.

Na tusiambiwe kwamba serikali haina watu wa kusimamia vipimo. Watu inao. Mama akitandika nyanya zake kando ya barabara, mgambo wanafika kabla hajamaliza kuzipanga mafungu. Mwaka 2021 tulishuhudia machinga wakiondolewa pembezoni mwa barabara za miji mikubwa kwa kasi na nidhamu ya ajabu, vibanda vikang'olewa usiku, asubuhi barabara nyeupe. Nguvu hiyo yote ilipatikana kwa ajili ya muuza mitumba. Lakini gunia lenye kilemba, ambacho huhitaji miwani kukiona, linapita geti la ushuru wa mazao kijijini, linapita vizuizi, linapita mizani za barabarani ambako lori zima linapimwa, linaingia mjini mchana kweupe. Kwenye geti wanachouliza ni risiti ya ushuru tu. Ushuru ukishalipwa, gunia hata liwe refu kama mnara wa simu, safari njema.

Mizani ya kilemba ni moja. Ipo na nyingine, ya ofisini. Mwaka 2017 Kenya ilikuwa na njaa ya unga. Serikali yao ilikuwa inatoa ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 90 za kwao, watu wakipanga foleni madukani, na meli ya mahindi ikatia nanga Mombasa kutoka Meksiko. Meksiko! Mahindi yalivuka bahari kwenda kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Sisi mwezi Juni mwaka huo huo tukapiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Mkulima wa Rukwa na Ruvuma, aliyevuna vizuri, akabaki anayatazama magunia yake na kusikiliza taarifa ya habari. Mwaka huo huo India ikaweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ikaporomoka kuanzia Lindi na Mtwara hadi Babati, na wakulima ambao majuzi walikuwa wanahimizwa kupanda mbaazi wakaambiwa wajifunze kuzila. Nikumbushwe tafadhali: mwaka huo mvivu alikuwa nani?

Ukitaka ushahidi kwamba tatizo ni bei, tazama inapokuwa nzuri. Msimu wa 2017/18 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye minada ya kusini. Hakuna aliyelazimika kuwahubiria vijana wa Tandahimba na Newala habari za ardhi isiyomtupa mtu. Mikorosho iliyokuwa imemezwa na vichaka ikapaliliwa, na waliokuwa Dar wakakumbuka ghafla kwamba wana baba mwenye shamba. Njombe na Rungwe leo parachichi linalipa, na watu wa mjini, wenye tai na kompyuta, wanagombania ardhi ya kupanda miche. Uvivu huo unaotibiwa na bei kwa msimu mmoja ni ugonjwa wa aina gani?

Kuna jamaa watakaonijibu, nawafahamu, wapo kwenye kila kundi la WhatsApp. Watasema kilimo kinalipa, vijana hawana maarifa tu. Watanitumia ile hesabu ya matikiti. Ekari moja miche 4,000, kila mche matikiti mawili, kila tikiti shilingi 2,000, jumla milioni 16 kwa siku 90. Kwenye hesabu hiyo hakuna mdudu, hakuna mvua ya mawe, hakuna tumbili, hakuna dalali, na kila tikiti katika Tanzania nzima linaiva siku ambayo wengine wote hawana tikiti. Hesabu hiyo hiyo ilishapigwa kwa kware, mayai ya kware yakawa dawa ya kila kitu, watu wakajenga mabanda, kisha tukabaki tunaulizana kware wanaliwaje. Ikapigwa kwa sungura. Aliyevuna kwa uhakika kwenye misimu yote hiyo ni mwendesha semina, kwa sababu kiingilio chake kinalipwa mlangoni, taslimu, na hakina lumbesa.

Kaulimbiu nazo tumejaaliwa. Mwaka 1972 tuliambiwa siasa ni kilimo. Muda si mrefu ikaja kilimo cha kufa na kupona. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza. Sasa kuna mashamba ya pamoja ya vijana chini ya mpango wa kujenga kesho iliyo bora. Sina ugomvi na trekta wala na kisima. Ila ukimpa kijana shamba lililosafishwa, maji na mbegu, kisha ukamkabidhi kwa yule yule mwenye Fuso na sindano ndefu, umemwongezea mnunuzi magunia tu.

Na nguvu nayo tulishaijaribu. Mwingereza aliwasomba vijana mitaani Dar es Salaam akiwaita wahuni na kuwarudisha makwao. Tukapata uhuru, na mwaka 1983 tukatunga sheria yetu wenyewe ya Nguvu Kazi. Asiyeweza kuthibitisha kwamba ana kazi alikamatwa, akapakiwa kwenye gari, akapelekwa kijijini akalime. Wengi wakarudi, maana gari lililowapeleka halikupeleka bei pamoja nao.

Sisemi kwamba kuondoka kwao hakuumizi. Kijiji cha mpwa wangu kinauma kukitazama. Wakati wa palizi kibarua hapatikani, na akipatikana anataja bei yake akiwa ameegemea mti. Mashamba ya mbali yameachwa, kinachopaliliwa ni kile kilicho karibu na nyumba, na anayepalilia ni bibi mwenye mjukuu mgongoni ambaye mama yake yuko mjini anafanya kazi za ndani. Kwenye msiba mmoja niliwakuta wazee waliopita miaka sitini wakishika sururu kuchimba kaburi, wanapokezana, kila mmoja anachimba kidogo kisha anakaa anahema. Jumuiya inayozikwa na wazee wake iko hatarini, na hilo sihitaji kuambiwa na mgeni rasmi.

Lakini ulizeni pia hayo mahindi machache yaliyobaki yanastawishwa na nani. Mwaka 2022, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipovuka shilingi laki moja, hadi serikali ikaona haya na kuleta ruzuku, dada yangu, mama wa yule mpwa wangu, aliweka mbolea shambani kwa fedha iliyoingia kwenye simu yake. Aliyeituma ni yule yule mwanawe mvivu wa bodaboda. Msimu wa mbegu anatuma, msimu wa palizi anatuma cha kibarua, mavuno yakifika anatuma nauli ya kuyatoa shambani. Nenda kijiji chochote ukamkute wakala wa fedha za simu mwezi wa Novemba, uone foleni ya akina mama, kisha urudi uniambie nani anamlisha nani. Abiria wa Mbagala ndiye anayenunua mbolea ya Njombe. Shamba lingekuwa linajilipa lenyewe, fedha ingesafiri kutoka kijijini kwenda mjini. Inasafiri kinyume, na anayeisafirisha ndiye tunayemtukana kwenye mahafali.

Kwa hiyo mwenye hamu ya kuwaona vijana wakilima aache kuwakagua tabia, akakague magunia. Kila kituo cha kununulia mazao kiwe na mizani, na mazao yauzwe kwa kilo, kama wakulima wenyewe wanavyouziwa sukari na misumari. Lori lenye kilemba lishushwe mzigo pale pale getini, na mnunuzi atozwe faini akiwa na haraka zake. Halmashauri inayochukua ushuru wa gunia ibebe na jukumu la uzito wake. Na waziri yeyote anayetaka kufunga mpaka mahindi yasitoke ayanunue kwanza yeye, kwa bei ya upande wa pili wa mpaka. Fanyeni hayo kwa misimu miwili tu mfululizo bila kubadilisha gia. Vijana watarudi wenyewe, kwa nauli yao, na wengine watarudi na pikipiki.