Kamera ukutani, kivinjari chakavu mezani

Jamani, hii kauli ya "kompyuta imepata virusi, ndivyo zilivyo" imenichosha. Virusi haviletwi na mvua. Mara nyingi mashine inaingiliwa kupitia mlango ambao mwenyewe aliombwa aufunge, akabonyeza "baadaye".

Mlango wenyewe ni kivinjari: Chrome, Firefox na wenzao. Septemba 2023 iligundulika kasoro katika namna vivinjari vinavyofungua picha za aina ya WebP. Usipakue kitu, usibonyeze kitu. Picha iliyotengenezwa kwa hila ikitokea tu kwenye ukurasa, ingeweza kumpa mhalifu mwanya wa kuingiza amri zake. Google wakatoa kiraka tarehe 11, Mozilla tarehe 12. Bure kabisa! Kazi ya mtumiaji ilikuwa kukubali toleo jipya, kisha kukifunga kivinjari na kukifungua tena. (Wengi hawakifungi wiki nzima, na kiraka kinabaki kinasubiri.)

Sasa teremka kutoka Nkoaranga hadi barabara kuu ya Arusha na Moshi, uingie steshenari. Hapo ndipo mtoto wa mkulima anapoombea mkopo wa HESLB, anapoandika namba ya NIDA, anapoombea kazi serikalini. Kuna mashine bado ziko kwenye Windows 7, ambayo Google waliitupa kuanzia Chrome 110, Februari 2023. Muulize mwenye duka, atakwambia kusasisha kunamaliza bando. Bando! Anatoza kila karatasi inayotoka kwenye printa, halafu anabania bando huku nywila zinazohatarishwa ni zako wewe?

Na wakubwa je? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe wafunge kamera za kurekodi yanayofanyika ndani. Haya, sura yako imehifadhiwa. Kamera inaziba tundu gani la kivinjari?

Kwa hiyo msomaji wangu, uliza toleo la kivinjari kabla hujakaa. Likiwa la kale, ondoka, usione aibu. Kama simu yako inapokea matoleo mapya, jaza fomu humo, dukani ukachapishe tu. Kivinjari cha watu kikiuliza kama kikuhifadhie nywila, kataa. Na kama ulishaiandika kwenye mashine ya namna hiyo, ibadilishe leo ukitumia kifaa kingine.

Nawe mwenye duka, usinililie kwamba Windows mpya ni ghali. Linux haiuzwi, na yapo matoleo mepesi yanayokubali hata mashine kuukuu. Tafuta kijana mmoja anayeijua, mpe jioni moja na hilo bando.