Gobore la Babu



Wiki hii kijana mmoja wa jumuiya alitujia na swali ambalo seminarini hatukuandaliwa kulijibu. Amerithi gobore alilolifua babu yake kwa mikono: mtutu wa bomba la maji, kitako cha mninga. Halijawahi kufaa. Fataki hulia, baruti hukawia kushika moto, goroli huenda zitakako, na nguruwe humaliza mihogo. Je, alipeleke kwa mhunzi lifuliwe upya, au alitunze hivyo hivyo?

Alitazamia, bila shaka, tumtajie Isaya na majembe yake. Sisi tulianzia kwenye bomba. Halikutengenezwa kuhimili mlipuko wa baruti, na kutu ikiisha kulila kwa ndani, kitako kipya hakimwokoi aliyeliegemeza shavuni. Tena baruti inayokawia ina hila: mtu hudhani imezima, akachungulia mdomo wa mtutu.

Lakini kijana hakuwa akitetea mihogo. Aliona kuacha kulitengeneza ni kukiri kwamba babu alikuwa fundi mbovu. Hapo tunatofautiana naye. Mzee alifua chuma alichokipata, na huenda alizijua kasoro zake kuliko sisi sote. Kwetu, kumheshimu ni kuiacha kazi yake alivyoiacha.

Kulitunza nyumbani nako si jambo jepesi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka mwenye bunduki awe na leseni, na urithi si leseni. Tumeahidi kumsindikiza polisi. Ameuliza kama atarudishiwa kile kitako cha mninga; tumemwambia akaulize huko huko.