Klipu Haitoshi, Wasee

Kuna komenti moja naipata kila wiki, haijalishi nimeposti nini: "Fupisha, bro." Video ya dakika 3, fupisha. Aya 4, fupisha, nani ako na huo muda? Naelewa, juu kazi ya kufupisha ndiyo inanilipia rent. Lakini leo sifupishi.

Rudi kidogo hadi Juni 2024. Miaka yote tulikuwa tunaambiwa ati ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Ati sisi Gen Z ni wa kuskroli tu. Halafu Finance Bill ikaja. VAT ya 16% kwa mkate. Ushuru wa gari wa 2.5% ya thamani yake kila mwaka. Ile kodi ya mazingira iliyofanya watu waulize kuhusu bei ya pampers na pedi. Na watu walifanya nini? Walifungua PDF. Ile ndefu, ya lugha ya mawakili. Wakaigawana vifungu, wakaitafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaieleza kwa TikTok, wakakesha kwa Spaces wakibishana kuhusu neno moja.

Tarehe 18 mwezi huo serikali ikasema imeondoa mkate na magari. Kama tungekuwa watu wa vichwa vya habari tu, stori ingeishia hapo. Magazeti yangeandika "serikali yalegeza kamba" na tungerudi nyumbani. Lakini kila ukiingia mtandaoni ulikuta mtu anasema: ngoja, bado kuna kifungu hiki na hiki. Huyo mtu alikuwa amesoma. Tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha, 106 wakaukataa, na siku hiyo hiyo vijana wenzetu wakauawa barabarani. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi.

Sasa niulize kitu. Tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, Rais alitia sahihi sheria nyingine ya marekebisho ya kodi. Ushuru wa reli kwa bidhaa zinazotoka nje ukapanda kutoka 1.5% hadi 2%. Ile kodi mpya ya kampuni za kigeni zinazotuuzia huduma mtandaoni, iliyokuwa kwa Bill ya Juni, nayo ikarudi. Uliisoma hiyo? Habari ilitangazwa, hakuna aliyeificha. Lakini ilitangazwa siku moja, ikafunikwa na nyingine, na Krismasi ilikuwa imefika.

Hapo ndipo shida yangu na habari iko. Siwachukii wanahabari, nawahitaji, nusu ya kontenti yangu inaanzia kwa ripota aliyesimama kwa jua. Lakini habari inakuambia leo kumefanyika nini. Haina nafasi ya kukuambia kwa nini kitu kile kile kinarudi na jina lingine.

Chukua Anglo Leasing. Ukiwa na miaka 20 hilo ni jina tu wazee wanalitaja wakikasirika. Michela Wrong, mwanahabari, aliandika "It's Our Turn to Eat" kuhusu John Githongo, aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi wakati wa Kibaki, akarekodi wakubwa kisiri, mwishowe akakimbilia Uingereza. Kitabu kilipotoka 2009, maduka mengi ya vitabu Nairobi yaliogopa kukiweka kwa rafu kwa sababu ya kesi. Watu wakapitishiana. Ukikisoma, skendo mpya ikitokea hushtuki kama mtoto. Unauliza mara moja: kampuni ni ya nani, ilisajiliwa wapi, nani alitia sahihi? Hayo maswali huyapati kwa klipu ya sekunde 40.

Au Philip Ochieng, mwandishi wa magazeti tangu zamani, aliyewahi kuwa mhariri mkuu wa Kenya Times, gazeti la KANU yenyewe. Mwaka wa 1992 alitoa "I Accuse the Press", anawashtaki wenzake wa vyombo vya habari. Sikubaliani na kila kitu, mzee alikuwa na kiburi chake. Lakini alinifanya nifikirie gazeti ni la nani. Wakati huo Nation ilikuwa ya Aga Khan, Standard ya Lonrho. Sisi leo tunajiona huru juu hakuna mhariri anayetuchagulia habari. Kweli? Nani alikuchagulia video ya kwanza uliyoona leo asubuhi? Nayo kampuni yake ni ya nani?

Juzi nilikuwa kwa Space moja, watu zaidi ya 20 wamepanda kuongea, na wote walikuwa wanasoma skrinshoti ile ile. Masaa mawili. Huo si mjadala, ni mwangwi.

Najua utaniambia vitabu ni ghali. Ni kweli, na mimi niliacha kampasi mwaka wa pili juu ya fees, kwa hivyo usinifundishe bei ya vitu. Lakini unajua kwa nini ni ghali? Moja ya sababu: tangu sheria ya VAT ya 2013, vitabu vinatozwa 16%. Asilimia ile ile iliyofanya tupige kelele kwa mkate. Mkate tuliukomboa kwa wiki chache. Vitabu, kimya.

Wakati tunangoja, inama na uchague kwa wale wanauza mitumba ya vitabu kando ya barabara tao. Maktaba ya McMillan iko hapo Banda Street. Ilifunguliwa 1931 ikiwa ya Wazungu peke yao, sasa ni yako. Mtu wa Eastlando ako na tawi Kaloleni na lingine Makadara, usiniambie nauli.

Kila mwaka Finance Bill hufika Bungeni kabla Aprili iishe, na wakiitisha maoni ya umma, hayo maoni si lazima yawe ya wakili. Ikifika nyingine nitafungua PDF na kutafuta neno moja tu: vitabu. Nikikosa, natuma barua. Nani ako ndani?

Na kama nyumbani kwenu kuna nakala ya Ochieng, hata kama kava imeng'oka, niambie unataka ngapi. Nilikisomea maktaba, sasa nataka yangu.