Ukubwa wa Kipimo Kwanza, Hesabu Baadaye

Tumeyapitia maandalio mengi ya somo la nishati, na takriban yote huanza kwa kuandika ubaoni: kilowati-saa 1 ni jouli 3,600,000. Kisha mtoto huamriwa azidishe. Tunaona kwamba hapo ndipo somo linapopotea. Mtoto asiyejua jouli ina ukubwa gani atagawanya mahali pa kuzidisha, wala jibu lake halitamshtua.

Yafaa aanze kwa mikono yake. Na ainue kitu cha gramu 100 kutoka sakafuni hadi kimo cha mita moja: kazi hiyo ni karibu jouli moja. Kisha aambiwe kuwa kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa nyuzi 20 huhitaji jouli 336,000 hivi. Basi uniti moja ya umeme tununuayo nyumbani, ambayo ndiyo hiyo kilowati-saa, ingechemsha lita kumi na ushei, kama joto lisingepotea. Aliyefika hapo hatakubali tena kwamba uniti ni ndogo kuliko jouli, hata kalamu yake ikimwambia hivyo.

Mwanachuo ajihadhari na kalori. Ile itajwayo katika pakiti ya biskuti ni kilokalori, yaani jouli 4,184, ijapokuwa watu (kwa uvivu tu) huiita kalori. Ile ya kitabuni ni jouli 4.2 hivi. Tofauti yake ni mara elfu. Mwalimu asiyeisoma pakiti kabla ya kipindi atalipoteza darasa zima, na hakuna atakayetambua.