Usiache Mbachao: Pikapu Kuukuu Yafaa Kufufuliwa

Usiache mbachao kwa msala upitao. Ndivyo walivyonena wahenga. Wasomaji wapenzi, leo nataka kuitetea pikapu ya Peugeot 504, ambayo wengi wenu mnaiita mkweche.

Gari la 504 lilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, na pikapu yake ikafuata mwaka wa 1979. Liliunganishwa hata hapa Kenya, tena likashinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Mashambani, pikapu hizi zimebeba kabichi, maziwa, maharusi na hata majeneza. Leo nyingi zimelala chini ya miti, kuku wanataga ndani.

Ami yangu anayo moja. Injini yake ya petroli imekufa. Jamaa wengine wanasema iuzwe kwa kilo kama vyuma vikuukuu. Wengine wanadai ikifufuliwa bila injini yake ya asili, si ya kale tena. Yeye anataka kuitia injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 2L yenye cc 2446. Mimi naungana naye, lakini kwa masharti.

Kwanza, dizeli yafaa kwa mzigo. Haina plagi za kuwasha moto wala kabureta. Ukipiga pampu ya baiskeli, si inapata moto? Basi injini ya dizeli hubana hewa mara 20 hivi, ikawa moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Hula mafuta kidogo, na huvuta vizuri hata ikienda polepole. Wala si jambo geni: Peugeot wenyewe waliuza 504 za dizeli.

Pili, wanaolilia ukale nawajibu hivi: injini ya petroli ipakwe grisi na kuhifadhiwa, na bodi isikatwekatwe. Mjukuu akitaka kuirudisha, ataikuta.

Sasa masharti. Kabla ya yote, breki zitengenezwe. Gari linalokwenda lakini halisimami ni jeneza. Injini ya dizeli ni nzito, kwa hivyo springi za mbele ziimarishwe, na pale injini inapokalia pachomelewe na fundi hodari. Nambari ya injini mpya iandikishwe kwa NTSA, la sivyo polisi watamsumbua barabarani. Mwisho, injini inayotoa moshi mweusi isinunuliwe kabisa, hata ikiwa rahisi. Mwaka wa 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli huleta saratani. Na wanaotembea kando ya barabara kila asubuhi ni nani kama si sisi wanafunzi?

Pesa za gari jipya hatuna, na kabichi haisubiri. Wenzangu, tusiidharau ovaroli yenye grisi. Msala na upite. Sisi tuushone mbacha wetu, lakini tuushone vizuri.