Hewa ya Mlimani Haijisafishi

Wako watu wasemao kwamba uchafu wa hewa ni balaa la mijini, na kwamba akaaye mlimani amejaliwa hewa safi daima. Msomaji, usemi huo ni mtamu masikioni lakini ni mchungu mapafuni. Moshi hauchagui mji wala shamba; huwa palipo na moto, na moto u katika kila jiko la kuni, tangu Kinangop hata Meru.

Watetezi wa usemi huo humleta shahidi wao wa kwanza, upepo. Wadai kuwa upepo huuchukua moshi ukaenda zake. Na tumhoji shahidi huyo. Jua likichwa na mbingu ikiwa haina wingu, ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa ya miteremkoni hupoa, huwa nzito, nayo hutiririka mabondeni mfano wa maji. Juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi, ikalifunika bonde kama kifuniko kifunikavyo chungu. Saa hizo ndizo mafiga yawakapo kwa chakula cha jioni, na tena kwa chai ya alfajiri. Moshi hupanda kidogo, hukikuta kifuniko, hutanda. Upepo uko wapi?

Jua likipata nguvu kifuniko huvunjika. Je, masizi yametoweka? La! Hewa iliyopata joto huyapandisha mlimani. Katika Mlima Kenya kiko kituo cha kupima hewa, mita 3,678 juu ya bahari, kilichozinduliwa mwaka 1999; hata huko juu hewa ya chini hufika mchana. Upepo haukuuondoa moshi, umeuhamisha tu.

Shahidi wa pili ni mvua. Kweli, mvua huosha hewa, lakini masika si ya mwaka mzima. Mwezi wa Januari na Februari hakuna wa kuosha, na mabua huchomwa mashambani. Tangu Juni hata Agosti mawingu hulizuia jua, baridi huzidi, milango hufungwa, na moto hukokwa kutwa. Tena mvua ile ile ioshayo hewa hulowesha kuni, na kuni zilizolowa hutoa moshi mwingi kuliko zilizokauka.

Nani alipaye gharama ya uongo huu? Ni mama ainamaye mekoni na mtoto aliye mgongoni pake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano.

Basi tusiisingizie mbingu. Hali ya hewa haiwashi moto; huamua tu moshi wetu utakaa wapi na kwa muda gani. Kuni na zikaushwe, mabua yarudishwe udongoni, na jiko lipate dohani. Lakini dohani huokoa nyumba, haiokoi bonde. Dawa ya kweli ni moto usio na moshi, gesi au umeme, kwa bei aiwezayo mkulima. Hilo ni deni la wenye mamlaka, na kudai deni si utovu wa adabu.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wahenga walinena. Na moshi wa bonde zima hutoka jiko kwa jiko. Lako, msomaji, ni mojawapo.